Musa bin Maimun, Tabibu wa Fustat

Ni ada ya jarida letu kuwaeleza wasomaji maisha ya watu mashuhuri waliotangulia, ili kila mmoja wetu apime nafsi yake kwa mizani ya waliopita. Mara nyingi watu hao huwa ni Masahaba, maimamu na wanavyuoni wetu. Leo tumemchagua mtu asiyekuwa Mwislamu: Myahudi aliyezaliwa Andalusia, akakulia katika hofu na safari, akazeeka Misri akiwa tabibu wa watu wa nyumba ya Sultani Salahuddin. Jina lake kwa Kiarabu ni Abu Imran Musa bin Maimun al-Qurtubi, na watu wa Ulaya humwita Maimonides.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini Myahudi, na khasa katika zama hizi ambazo kutajwa jina la Palestina peke yake kwatosha kuichoma mioyo? Jawabu letu ni kwamba tumemchagua kwa sababu hiyo hiyo. Maisha ya mtu huyu yatuonyesha Waislamu wa namna mbili. Wa kwanza walimtoa kwao kwa upanga. Wa pili walimpa makazi, kazi na ulinzi wa sharia. Wote walisoma Qur'ani moja na kuelekea kibla kimoja. Basi yafaa tujue walipotengana njia ni wapi.

KUZALIWA KWAKE

Musa alizaliwa katika mji wa Qurtuba baina ya mwaka 1135 na mwaka 1138. Baba yake, Maimun, alikuwa kadhi wa Mayahudi wa mji ule na mjuzi wa Taurati na sharia zake. Qurtuba wakati huo haikuwa tena kiti cha makhalifa wa Bani Umayya, lakini heshima yake ya elimu ilikuwa haijaondoka. Ndimo alimozaliwa Ibn Rushd mwaka 1126, mwana wa kadhi na mjukuu wa kadhi. Wanavyuoni hawa wawili, Mwislamu na Myahudi, ni watoto wa mji mmoja na zama moja, na kabla ya makala haya kwisha msomaji ataona kuwa waliumizwa na mkono mmoja.

Mayahudi wa Andalusia walisema Kiarabu nyumbani na sokoni. Elimu zao nyingi waliziandika kwa Kiarabu vilevile, isipokuwa herufi walizotumia zilikuwa za Kiibrania. Mbele ya dola walikuwa ahlu dhimma: walilipa jizya na walifungwa na masharti ambayo Mwislamu hakufungwa nayo. Hatutaki kumdanganya msomaji kwa kumwambia kuwa maisha yao yalikuwa pepo. Lakini roho zao, mali zao na ibada zao zilikuwa katika ahadi ya sharia, na mtawala aliyeivunja ahadi hiyo alijulikana kuwa ameivunja.

KUINGIA KWA AL-MUWAHHIDUN

Wakati Musa yu mtoto, katika milima ya Atlas huko Maghribi palikuwa pamezuka mwito mpya. Mwenye mwito huo alikuwa Ibn Tumart, mtu wa kabila la Masmuda, aliyefariki karibu na mwaka 1130. Wafuasi wake walijiita Al-Muwahhidun, yaani watu wa tauhidi.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo, kwa kuwa mwito ule haukuanza kwa ubaya. Ibn Tumart aliwataka watu wamtakase Mwenyezi Mungu na kila mfano, waache ulevi na upuuzi, wairejee Qur'ani na Hadithi, na waamrishane mema na kukatazana maovu. Katika maneno hayo hamna hata moja ambalo Mwislamu aweza kulikataa. Lakini hakukoma hapo. Alidai kuwa yeye ndiye Mahdi aliyehifadhiwa na makosa, na akawahukumu watawala wa Murabituna na wanavyuoni waliowaunga mkono kuwa wamemfananisha Mwenyezi Mungu na viumbe, kwa hiyo wametoka katika dini na damu yao ni halali. Tangu siku ile islahi iligeuka ghuluwi, nako ni kupindukia mpaka katika dini. Mtu hutoka akitaka kuisafisha nyumba, akaishia kuwachinja waliomo ndani.

Basi wa kwanza kuuawa na Al-Muwahhidun hawakuwa Mayahudi wala Manasara. Walikuwa ni Waislamu wenye kusali, kufunga na kuhiji. Mwaka 1147 Abdulmumin, khalifa wa Ibn Tumart, aliuteka mji wa Marrakesh, na Murabituna wengi wakauawa. Mwaka 1148 jeshi lake likaingia Qurtuba. Ahadi ya dhimma ikafutwa, na Mayahudi na Manasara wakapewa kuchagua: kusilimu, kuhama au kufa. Hapo Musa alikuwa kijana wa miaka kumi au kumi na mitatu.

MIAKA YA KUTANGATANGA

Nyumba ya Maimun ilitangatanga katika miji ya Andalusia kwa zaidi ya miaka kumi. Karibu na mwaka 1160 wakavuka bahari wakakaa Fas, mji uliokuwa chini ya dola hiyo hiyo. Huko Musa aliendelea kusoma utabibu, na huko ndiko alikoandika risala yake juu ya kulazimishwa dini.

Sababu ya risala hiyo ni hii. Mayahudi wengi walikuwa wametamka shahada kwa ndimi zao huku mioyo yao ikibaki katika dini yao. Mmoja wao akamwuliza mwanachuoni wa Kiyahudi hukumu ya watu hao, naye akajibu kuwa wamekwisha kuritadi, ibada wanazozifanya kwa siri hazina thamani, na iliwapasa wafe kuliko kutamka. Musa aliisoma fatwa hiyo akakasirika. Akaandika kuwa mtu aliyelazimishwa hana hukumu ya mtu aliyetaka, kuwa sala yake ya siri yafaa, na kuwa lililo wajibu juu yake ni kuitoka nchi ile pindi apatapo njia, aende pahali atakapoweza kumwabudu Mungu wake waziwazi. Msomaji na aone: nje palikuwa na askari mwenye upanga, na ndani ya jamaa wa Musa wenyewe palikuwa na mtu wa dini aliyewataka wenziwe wauawe ilhali yeye ameketi salama. Ghuluwi haina kabila. Kila dini ina watu wake wa namna hii.

Na je, kulazimisha kulizaa nini? Mwanahistoria Abdulwahid al-Marrakushi, aliyekuwa mtu wa dola ile ile, ameandika mwaka 1224 kuwa Mayahudi waliosilimu walikuwa wakisali misikitini na kuwasomesha watoto wao Qur'ani, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye yaliyo vifuani mwao. Khalifa Al-Mansur, mjukuu wa Abdulmumin, hakuwaamini, akaamuru wavae mavazi maalumu ili wajulikane. Dola iliwalazimisha watu waingie, kisha ikawashuku kwa kuwa imewalazimisha. Ikakosa imani yao, na ikakosa hata amani ya kuwa nao.

SAFARI YA MASHARIKI

Mwaka 1165 Maimun na watoto wake walipanda merikebu wakaiacha Maghribi. Njiani walipatwa na dhoruba kali hata wakakata tamaa, kisha wakafika salama bandari ya Akka katika nchi ya Sham. Akka na Baitul Muqaddas zilikuwa bado mikononi mwa Mafaranji, wapiganaji wa Msalaba. Hao, walipouteka mji mtukufu mwaka 1099, waliwachinja Waislamu na Mayahudi pamoja, wala hawakubagua baina ya msikiti na sinagogi.

Musa alizuru Baitul Muqaddas, na baada yake akaenda Al-Khalil, akasali penye makaburi ya Nabii Ibrahim na kizazi chake. Hakukaa huko. Alishuka Misri, akafanya maskani katika Fustat, mji mkongwe ulio jirani ya Kairo.

Mwanzo maisha yao yalimtegemea nduguye mdogo, Dawud, aliyekuwa mfanyabiashara wa vito. Dawud ndiye aliyesafiri na kuchuma, ili kakaye apate wasaa wa kusoma na kuandika. Katika safari moja Dawud alipanda mto Naili hadi Qus, akakata jangwa hadi bandari ya Aidhab kwenye Bahari ya Sham. Kutoka huko alimwandikia kakaye barua ya kumweleza kuwa hakuona bidhaa za maana, hivyo ameazimia kuendelea mpaka Bara Hindi. Barua hiyo ingaliko. Ilionekana katika ghala ya sinagogi la Fustat, walimokuwa wakiweka karatasi zao kuukuu, na sasa imehifadhiwa Cambridge, Uingereza.

Dawud alizama katika Bahari ya Hindi, pamoja na mali yake na mali ya watu waliomwamini. Akaacha mjane na binti mdogo. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa maana ya msiba huo, kwani bahari ni ile ile, na ni nyumba chache katika miji yetu ambazo hazikumngojea mtu asirudi. Musa aliugua akalala kitandani karibu mwaka mzima, na hata baada ya miaka minane aliandika kuwa majonzi hayajamtoka. Aliponyanyuka, ilimbidi atafute riziki yake na ya mayatima wa nduguye. Akaushika utabibu kuwa ndiyo kazi yake.

KATIKA MISRI YA SALAHUDDIN

Salahuddin Yusuf bin Ayyub alikuwa waziri wa Misri mwaka 1169, na mwaka 1171 dola ya Fatimiya ikakoma, nchi ikawa yake. Mtu wake wa siri na karani wake mkuu alikuwa Abdurrahim bin Ali, mzaliwa wa Asqalan, mashuhuri kwa jina la Al-Qadi al-Fadil. Mtu huyu, mfasaha wa kalamu na mpenzi wa vitabu, alimjua Musa, akamtia katika hesabu ya matabibu wenye kulipwa mshahara na dola. Mayahudi wa Misri nao wakamfanya mkuu wao.

Mwaka 1172 Musa alipata khabari kutoka Yaman kuwa mtawala wa huko, wa ukoo wa Ibn Mahdi, anawalazimisha Mayahudi kubadili dini, na kuwa miongoni mwa Mayahudi wenyewe ametokea mtu anayedai kumtangulia Masihi na kuwatia watu wazimu. Akawaandikia risala ya kuwatuliza na kuwaonya na mdai yule. Hatutamficha msomaji kuwa katika risala hiyo Musa aliandika juu ya dini yetu na juu ya Mtume wetu, sala na salamu zimfikie, maneno makali yasiyompendeza Mwislamu. Hakuwa rafiki wa Uislamu katika itikadi, na wala haifai tumfanye hivyo ili kisa kitamu kikolee. Pamoja na hayo, Myahudi mmoja aliyeingia katika dini yao alipomweleza kuwa mwalimu wake anawaita Waislamu waabudu masanamu, Musa alimkemea yule mwalimu, akaandika kuwa Waislamu si waabudu masanamu kabisa, na kwamba tauhidi yao kwa Mwenyezi Mungu ni tauhidi ya haki isiyo na dosari. Alisema hivyo mtu ambaye Waislamu walimfukuza kwao. Insafu ya namna hii ni nzito, na wengi wetu hatuiwezi kwa watu waliotuudhi kwa dogo kuliko hilo.

Amma mateso ya Mayahudi wa Yaman, yaliondoka pale Turanshah, nduguye Salahuddin, alipoiteka Yaman katika mwaka 1173 na 1174 na kuivunja dola ya Ibn Mahdi. Hakwenda kwa ajili yao, bali kwa sababu za ufalme. Lakini aliyeondoa dhuluma ya Waislamu wale alikuwa Mwislamu.

HUKUMU YA AL-QADI AL-FADIL

Sasa twafika penye kiini cha makala yetu. Khabari hii imesimuliwa na Ibn al-Qifti, mwanachuoni na waziri wa Halab aliyefariki mwaka 1248, naye alikuwa sahibu wa mwanafunzi wa Musa. Asema kuwa katika siku za mwisho za Musa alifika Misri mtu wa Andalusia, mjuzi wa fiqhi, kwa jina Abul Arab bin Maisha. Alipomwona Musa alimtambua, akamshtaki kuwa huko Maghribi alikuwa Mwislamu, na sasa amerejea Uyahudi, basi ni murtadi. Msomaji ajua adhabu iliyotajwa na mafakihi wa zama hizo kwa kosa hilo. Haikuwa faini wala kifungo.

Al-Qadi al-Fadil alimzuia yule mshtaki. Akatoa hukumu kuwa mtu aliyelazimishwa, Uislamu wake hausihi katika sharia, na usiposihi Uislamu hapana kuritadi. Shauri likaishia hapo, Musa akarudi kwa wagonjwa wake.

Wanavyuoni wamekhitilafiana mpaka leo kama ni kweli Musa alitamka shahada huko Maghribi au hakutamka. Hilo haligeuzi kitu katika hukumu. Al-Qadi al-Fadil hakusema kuwa Musa ni tabibu hodari anayehitajiwa, wala hakusema tumwonee huruma kwa uzee wake. Hakumfanyia hisani. Alimhukumu kwa fiqhi ya Waislamu, na fiqhi hiyo imesimama juu ya aya mashuhuri ya Suratul Baqara inayokataza kulazimishana katika dini. Yule mshtaki alikuja na sharia mkononi, na Al-Fadil akamjibu kwa sharia hiyo hiyo, ila yeye aliisoma mpaka mwisho.

Huu ndio mpaka baina ya Waislamu wa Qurtuba ya mwaka 1148 na Waislamu wa Kairo. Wa Kairo hawakuwa na dini nyepesi kuliko wa Qurtuba. Salahuddin ndiye aliyewashinda Mafaranji huko Hittin, na tarehe 27 Rajabu mwaka 583, sawa na tarehe 2 Oktoba 1187, akairejesha Baitul Muqaddas. Hakufanya kama walivyofanya Mafaranji mwaka 1099. Watu walitolewa kwa fidia, na Mayahudi wakaruhusiwa tena kuishi humo. Hapana awezaye kusema kuwa mtu huyo aliuza haki ya Waislamu. Alijua kupigana, na alijua pahali pa kukoma.

KAZI YAKE NA VITABU VYAKE

Mwaka 1199 Musa alimwandikia mfasiri mmoja wa vitabu vyake aliyekuwa Ufaransa, akamweleza jinsi siku zake zinavyokwisha. Kila asubuhi alitoka Fustat kwenda Kairo, mwendo usiofika maili mbili, kumtazama mtawala na watu wa nyumba yake. Akiumwa mtoto au mtu wa ndani, alishinda huko. Aliporudi baada ya adhuhuri, ana njaa, alikuta ukumbi wake umejaa watu: Mayahudi na wasio Mayahudi, wakubwa na wadogo, makadhi na askari, wampendao na wamchukiao. Alishuka juu ya mnyama wake, akanawa mikono, akawaomba radhi wamngojee ale kidogo, na hicho ndicho chakula chake cha siku. Kisha aliwatibu mpaka usiku, akisema nao hali amejilaza kwa uchovu, hata mwisho hakuweza kusema.

Katika wakati mdogo uliobaki aliandika. Mwaka 1168 alikwisha kumaliza sherehe yake ya Mishna kwa Kiarabu. Baadaye akazipanga sharia zote za dini yao katika kitabu kikubwa cha Kiibrania, na karibu na mwaka 1190 akamaliza kwa Kiarabu kitabu chake cha falsafa, Dalalatul Hairin, yaani mwongozo wa waliotatizwa, ambamo amechota kwa Al-Farabi na Ibn Sina. Katika utabibu aliandika juu ya pumu, juu ya hifadhi ya afya kwa ajili ya Al-Afdal, mwana mkubwa wa Salahuddin, na juu ya sumu na dawa zake. Kitabu hiki cha sumu aliandikiwa Al-Qadi al-Fadil mwaka 1199, kwa sababu Al-Fadil aliona watu wanaumwa na nyoka na nge wakafa kabla ya kumfikia tabibu. Basi akataka kitabu kifupi cha kumwonyesha kila mtu la kufanya papo hapo, na akaagiza dawa kutoka nchi za mbali. Waziri Mwislamu na tabibu Myahudi wakashirikiana ili mtu wa kawaida, wa dini yoyote, asife kwa sumu ya nge.

Abdullatif al-Baghdadi, mwanachuoni aliyefika Kairo zama hizo, alimtembelea Musa. Aliukiri ujuzi wake, kisha akavilaumu vitabu vyake, na akasema kuwa Dalalatul Hairin chaharibu itikadi za watu. Aliandika aliyoyaona, akaishia hapo. Hivyo ndivyo wenye elimu wanavyokhitilafiana.

MWISHO WAKE NA MWISHO WAO

Huko Qurtuba mambo yalikwenda njia nyingine. Ibn Rushd, aliyekuwa kadhi wa mji huo na tabibu wa makhalifa wa Al-Muwahhidun, alishtakiwa mwaka 1195 kwa ajili ya falsafa yake. Vitabu vyake vikachomwa moto, naye akahamishiwa Lucena, mji mdogo uliokuwa zamani wa Mayahudi kabla ya dola ile kuwatawanya. Baadaye alisamehewa, akafariki Marrakesh mwaka 1198. Mkono uliomwondoa mtoto wa Kiyahudi katika Qurtuba ulimrudia mzee wa Kiislamu baada ya miaka arobaini na saba. Mkono wa ghuluwi hauishi kazi. Ukimaliza wa nje hugeukia wa ndani.

Musa bin Maimun alifariki Fustat mwezi wa Desemba mwaka 1204, sawa na mwaka 601 wa Hijra, na yasemwa kuwa alizikwa Tabaria katika nchi ya Palestina. Mwanawe Ibrahim alishika pahala pake katika utabibu na ukubwa wa Mayahudi, naye alizipenda adabu za masufi wa Kiislamu hata akawataka Mayahudi wazifuate. Katika Ulaya, baadhi ya Mayahudi wenyewe walimpiga vita Musa baada ya kufa kwake, na yasimuliwa kuwa vitabu vyake vilichomwa Montpellier katika miaka ya 1230 kwa mkono wa Manasara, baada ya Mayahudi hao kuvishtaki.

Ama Al-Muwahhidun, walishindwa vibaya katika vita vya Al-Uqab mwaka 1212. Karibu na mwaka 1230 khalifa wao Al-Mamun aliukana hadharani uMahdi wa Ibn Tumart. Yaliyomwagiwa damu ya Waislamu na Mayahudi kwa miaka mia yakatangazwa kuwa uongo na mwenye kiti chenyewe. Mwaka 1236 Qurtuba ikatekwa na mfalme wa Kastilia, na msikiti wake mkubwa ukafanywa kanisa. Ghuluwi haikuilinda Andalusia.

YANAYOTUPASA

Al-Khalil, alikosali Musa mwaka 1165, ndiko alikoingia tarehe 25 Februari 1994, katika mwezi wa Ramadhani, tabibu mwingine wa Kiyahudi, akawapiga risasi Waislamu waliokuwa wakisali alfajiri katika Msikiti wa Ibrahim, akawaua 29. Wote wawili walikuwa Mayahudi, wote wawili matabibu, wote wawili walisoma Taurati. Haikuwa dini iliyowatenga. Na tarehe 28 Novemba 2002, katika Ramadhani vilevile, moto wa ugomvi huo ulitufikia sisi wenyewe hapa pwani. Hoteli ya Kikambala ililipuliwa kwa kuwa mwenyewe na wageni wake ni watu wa Israeli, na waliouawa Waisraeli walikuwa watatu, Wakenya kumi. Waliolipua walidai wanaipigania Palestina. Hatujui Mpalestina hata mmoja aliyerejeshewa shamba lake kwa damu ya wale waliokuwa wamesimama mlangoni kuwapokea wageni.

Tarehe 7 Oktoba 2023 watu wapatao 1,200 waliuawa katika Israeli, wengi wao raia, na vita vilivyofuata vikaua makumi ya maelfu ya watu wa Gaza, na miongoni mwao wanawake na watoto wasiohesabika kwa urahisi. Mtu asitusikie vibaya. Haki ya Wapalestina katika nchi yao ni haki, na dhuluma waliyotendewa ni dhuluma, na kuinyamazia ni aibu. Lakini haki yadaiwa kwa aliyeichukua, wala haidaiwi kwa kila mwenye jina la Kiyahudi popote alipo, kama vile sisi tusivyokubali kudaiwa kila damu iliyomwagwa na mwenye jina la Kiislamu.

Na neno letu la mwisho twawaelekezea ndugu zetu wa darsa na wote wenye kuita watu kwenye islahi, nasi tukiwa wa kwanza kuambiwa. Kazi tunayoifanya ya kukataza bid'a na kurejesha watu kwenye Qur'ani na Hadithi ni kazi njema, na Ibn Tumart naye alianza nayo. Alama ya kuwa tumeanza kupotea haitakuwa kwamba tumeacha kusali. Itakuwa siku ile tutakapomwona Mwislamu mwenzetu aliyekhitilafiana nasi katika dua au maulidi tukamtoa katika dini, au tutakapomwona kijana wetu akisifu kuuawa kwa mtu asiye na kosa nasi tukanyamaza kwa kuwa aliyeuawa si wa kwetu. Siku hiyo na asimame mmoja wetu, kama alivyosimama Al-Qadi al-Fadil mbele ya yule mshtaki, aisome sharia mpaka mwisho.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape nusura waliodhulumiwa, aizuie mikono yetu na dhuluma, na atujaalie kuwa umma wa kati na kati kama alivyotutaka tuwe. Amin.